Transfoma ya Kawangware

Kabla ya stima kufika kwenye ploti yetu ya Mashimoni, pale Kibera, nilikuwa nikitengeneza redio kwa betri ya gari. Betri ilikaa chini ya meza, nyaya mbili zenye vibanio zikipanda hadi juu, na chuma changu cha kulehemu nilikipasha moto kwenye jiko la makaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi hiyo nilijifunza kwenye chuo cha ufundi huko kwetu, karibu na ziwa, mimi mwanamke peke yangu darasa zima, na nilipokuja Kibera kuishi na dada yangu sikuona sababu ya kwenda kufulia watu nguo ilhali mikono yangu ilijua kazi nyingine.

Betri ya gari ina kasoro moja: haijui kupima. Redio ndogo ya betri nne za tochi inataka volti sita tu. Betri ya gari ina kumi na mbili, na ukiiunganisha inakupa zote. Kwa redio kama hizo nilikuwa na betri za tochi nilizozipanga ndani ya kipande cha bomba. Asubuhi moja soja wa lango, mtu wa makamo aliyekuwa akilinda kule Nyayo Highrise, aliniletea redio yake iliyokuwa ikikoroma. Dada yangu alikuwa mlangoni akinisimulia ugomvi wa foleni ya maji. Nilikuwa nikicheka. Nikachukua vibanio visivyo vyake, vile vya betri ya gari. Nilisikia mlio mdogo sana, kama mtu anayeponda chawa kwa ukucha, halafu nikasikia harufu.

Aliporudi jioni nilimwambia ukweli. Aliishika redio, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Hii ndiyo hunifanya nisilale kazini," alisema. "Sasa pale getini nitaongea na nani?"

Nilimpa redio yangu mwenyewe. Aliichukua bila kunishukuru, na nilimheshimu kwa hilo. Yake sikuweza kuifufua kamwe. Nikabaki fundi wa redio asiye na redio, na kila nilipokaa kwenye ule ukimya nilijiambia kwamba kosa halikuwa la kicheko wala la dada. Mtu anayefanya kazi kwa kubahatisha ipo siku ataunguza kitu cha mwenziwe, iwe leo au kesho.

Kwa hivyo mwenye ploti alipovuta stima, nilijua ninachotaka. Chuoni kulikuwa na pawa saplai, kisanduku kinachopokea stima ya ukutani, kikaishusha, kikainyoosha, halafu kikakuachia uchague kwa kuzungusha kitufe: volti tatu, sita, tisa, chochote ambacho redio inataka. Mwalimu alikuwa akituruhusu kukitazama zaidi ya kukigusa. Cha kununua dukani sikukiota hata siku moja. Niliamua kukiunda.

Vitu vidogo havikunisumbua. Diodi, vile vipande vinavyopitisha stima upande mmoja tu, nilizitoa kwenye redio zilizokufa, na kitufe cha sauti cha kaseti mbovu kingetosha kuwa kitufe cha volti. Tatizo lilikuwa transfoma, ule mzigo wa chuma na waya wa shaba unaoshusha stima. Transfoma za redio zilikuwa ndogo, ukizitaka kazi kidogo tu zinachemka. Nilitafuta wiki kadhaa. Mwishowe nikafika kwa mtu wa skrepa kule Soweto West, upande mwingine wa Kibera, aliyekuwa ameketi kati ya marundo ya vyuma na mizani yake ya kuning'iniza.

"Niaje, siste."

"Poa. Uko na transfoma? Kubwa, kama ya amplifaya."

Akacheka. "Ungekuja mwaka jana. Nilikuwa na moja, ilitoka kwa amplifaya ya kanisa. Nzito hivi." Akainamisha bega kunionyesha. "Nikauzia fundi fulani wa redio, mzee wa Kawangware. Huyo alikuwa anakuja hapa Jumamosi, anapekuapekua tu, hata kama hanunui. Kisha akapotea. Nikaskia alikufa."

"Alikuwa anakaa wapi huko?"

"Kawangware ni kubwa, siste. Lakini alisema bibi yake ni fundi wa nguo, ako na mashine nje kwa veranda, hapo karibu na soko."

Jumamosi iliyofuata nilitoka kwa miguu. Nilipitia Woodley nikaingia Ngong Road, nikafika Dagoretti Corner, nikateremka hadi Kawangware, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mjane. Utaanzaje kumwomba mtu vitu vya marehemu? Nilikuwa nimeandaa pole, nikaandaa habari za afya, nikaandaa namna ya kuingiza neno transfoma taratibu.

Sikupata nafasi ya kuyatumia. Fundi wa nguo wa tatu niliyemfikia alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye kitambaa kichwani na pini mdomoni, akishona sare ya shule.

"Habari yako, mama."

"Mzuri." Mguu wake haukuacha kanyagio.

"Natafuta nyumba ya fundi wa redio. Yule marehemu."

Mguu ukaacha. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Unatoka wapi?"

"Kibera."

Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kibera," akarudia. "Na leo ni Jumamosi. Kwa hivyo ni wewe."

"Mimi nani, mama?"

"Miaka mitatu! Kila Jumamosi anavaa shati safi anaenda Kibera. Namuuliza unaenda wapi, ananiambia natembea tu. Mzee mzima anatembea tu! Sasa amekufa na wewe umekuja. Unataka nini? Shati?"

Mama wa mboga wa jirani aliacha kukata sukuma wiki, kisu kikiwa hewani. Nilihisi uso unawaka.

"Mama, mimi bwana yako sikumjua. Hata sijawahi kumwona. Natafuta transfoma."

"Nini?"

"Ni chuma ya kushusha stima. Aliinunua kwa mtu wa skrepa Soweto West. Mimi ni fundi wa redio."

Alicheka bila furaha yoyote. "Kati ya uongo wote wa dunia, umechagua huo."

Akainuka akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuita watu, na nilikuwa nimeshaanza kugeuka aliporudi amekumbatia redio kubwa yenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono juu yake. Akaiweka mezani, akasukuma sare pembeni.

"Hii imenyamaza tangu wiki ya matanga. Mafundi wawili wameniambia niwauzie tu kama mbovu. Kama wewe ni fundi, fanya iongee. Kama si fundi, mimi na wewe tutajuana leo."

Nilikuwa na bisibisi kwenye mkoba. Nikaifungua redio pale veranda, watu wakikusanyika. Ukishafungua mfuniko wa nyuma unabaki wewe na waya, na waya haziulizi umetoka wapi. Betri zilikuwa nzima. Nilichukua penseli yake ya kuchorea vitambaa, nikawa nabonyeza kiungo kimoja baada ya kingine. Nilipogusa mahali waya wa spika unapoungana na bodi, redio ilikohoa. Lehemu ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Niliomba msumari mnene, nikauweka kwenye jiko la jirani hadi ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo na kuyeyusha kile kiungo upya.

Redio iliamka katikati ya matangazo ya vifo. Sauti ya kike ilikuwa ikitaja ndugu na wakwe wa mtu fulani wa mbali na siku ya mazishi. Yule mama alisikiliza tangazo hadi mwisho, kama inavyotakiwa, kisha akapunguza sauti.

"Ingia," alisema. "Nimepika chai."

Chumba cha kazi cha mumewe kilikuwa nyuma ya chumba chao, kidogo, chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Aliniambia hajakifungua tangu wenye redio zao walipokuja kuzichukua. Kulikuwa na vumbi, na vikopo vilivyojaa vipande vya redio vimechanganyika kama njugu. Katikati ya meza palikuwa na sanduku la mbao lililopigwa msasa vizuri, na ndani yake, ikiwa imefungwa kwa skrubu nne, transfoma. Niliweka mkono juu yake. Ilikuwa na upana wa ngumi zangu mbili.

Mbele ya sanduku alikuwa ametoboa mashimo na kuandika chini ya kila moja kwa penseli. Sikuhitaji kusoma. Tundu la kitufe, matundu ya nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na matundu mawili makubwa ya mita za sindano.

"Mama," nilisema, "hiki kitu nilichokuwa naenda kuunda, yeye alikuwa ameshaanza."

Alikuwa ametoa daftari la shule kutoka chini ya kopo.

"Mimi sikusoma," alisema. "Watoto wako nyumbani, kwetu kijijini, na nisingetaka wao wanisomee hii. Wewe nisomee."

Ndani kulikuwa na michoro ya nyaya, safi kuliko yoyote niliyochora chuoni, na baada ya michoro, maelezo mafupi. Nilisoma kwa sauti. Jumamosi, Mashimoni, diodi nne, moja mbovu. Jumamosi, Soweto West, transfoma, nimebeba begani, imenichubua. Jumamosi, nimetafuta mita, hakuna. Jumamosi, sikupata kitu, nimekaa tu relini mpaka mvua. Jumamosi, mita, hakuna. Nilisoma zote, polepole. Zilikuwa tisa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe, mikono mapajani.

"Endelea."

"Zimeisha, mama."

"Ni Jumamosi ngapi?"

"Tisa."

"Alienda miaka mitatu."

Nilielewa kilichokuwa mikononi mwangu. Kurasa zilizobaki zilikuwa tupu, na yeye hakuweza kujua. Ningeweza kuendelea kusoma. Ningebuni Jumamosi za mwaka mzima, nikampeleka yule mzee Kibera kutafuta skrubu na nyaya hadi jioni ikaingia, na hakuna ambaye angenisuta. Nilifungua ukurasa mmoja mtupu, hata nikavuta pumzi.

"Labda nyingine hakuandika," nilisema mwishowe. "Sijui, mama. Zilizoandikwa ni hizi."

Nje redio ilikuwa inacheza nyimbo. Kisha alichukua daftari, akalifunga, akalilainisha jalada kwa kiganja kama anavyolainisha pindo.

"Basi hizo tisa ni zangu," alisema.

Hadi leo sijui kama nilimtendea wema. Nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu habari hii, akaniambia kwamba uongo mdogo ungempa yule mama usingizi. Huenda. Lakini nilikuwa nimetoka kuunguza kitu cha mtu kwa kukipa zaidi ya kilivyohitaji, na siku ile niliogopa kumpa mtu mwingine kitu ambacho sikuwa nimekipima.

Transfoma hakuniuzia, wala hakunipa. "Haitoki hapa mpaka nione kazi yake," alisema. "Maliza alichoanza. Hapa, kwa meza yake. Ukimaliza tutaongea."

Hivyo nikawa mtu wa kwenda Kawangware kila Jumamosi. Mama wa mboga aliacha kunikodolea macho baada ya safari ya tatu. Siku za katikati ya wiki nilitafuta vilivyobaki. Transista, kifaa kinachopitisha stima kwa kiasi unachotaka, niliipata kwenye amplifaya iliyotupwa, ile aina ya chuma yenye umbo la kofia ndogo, na kwa kuwa inachemka sana, fundi wa mabati wa karibu na kwetu alinikatia kipande cha sufuria kuukuu cha kuipozea. Mita nilipata moja tu, kutoka kwenye chaja ya betri iliyoungua gereji. Kapasita, mkebe mdogo wa kutuliza stima isitetemeke, niliutoa kwenye televisheni mbovu.

Ilipofika siku ya kujaribu, mama aliacha kushona akaja kusimama mlangoni. Nilitaka sana kuonekana hodari. Nilichomeka waya ukutani. Kwa sekunde chache hakukuwa na lolote, kisha ule mkebe ulilia kama chupa inayochemka, na PAA! Vipande vya karatasi yenye mafuta vilijaa chumbani vikielea kama vinyoya vya kuku. Nilichomoa waya nikiwa chini ya meza. Sikumbuki nilifikaje huko.

Moshi ulipotulia niliona kosa. Kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi, na mimi niliufunga kinyume. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hilo. Nilikaa sakafuni nikiwa na ile karatasi kwenye nywele, machozi yakinilenga, nikijiona ni yule yule wa vibanio.

Mama alinitoa karatasi moja kwenye sikio, akaitazama.

"Mimi kwa mara ya kwanza kushona suruali," alisema, "nilishona miguu yote miwili kwa tundu moja. Mwenyewe akaja kuijaribu mbele ya mchumba wake."

Alianza kucheka, nami nikacheka, na tulicheka mpaka mama wa mboga akaja kuuliza kulikoni. Nadhani ni siku hiyo aliponiita msichana wangu kwa mara ya kwanza, ingawa sikumbuki alikuwa akiniambia nini.

Kapasita nyingine ilinichukua karibu mwezi kuipata. Niliangalia alama zake mara nne kabla ya kulehemu, kisha nikamwomba mama, asiyejua hata kinachoangaliwa, aangalie pia. "Mistari iko upande huu," alisema kwa uzito, "na waya nyeusi iko upande huu huu." Ilikuwa sahihi.

Nilifunga balbu ya tochi kwenye zile nyaya mbili, nikarudisha kitufe hadi sifuri, nikachomeka. Transfoma iliunguruma kidogo, kama paka. Sindano ya mita ilikuwa imelala. Nilipozungusha kitufe ikainuka taratibu, moja, mbili, na ndani ya balbu uzi ukawa mwekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu ukang'aa.

"Niache nami," alisema mama.

Alizungusha kwa vidole viwili, kama anavyozungusha gurudumu la cherehani kushusha sindano. Mwanga ukapanda. Akaurudisha. Akaupandisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi, uso ukimulikwa na kufifia.

"Tundu hili lingine ni la nini?" aliuliza.

"Ni la mita ya pili. Ya kupima redio inakula kiasi gani. Mimi sikuweza kuipata."

"Yeye angepata?"

"Alikuwa akiitafuta. Changu ni pungufu kuliko alichokichora yeye."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mashine yake. Baadaye niliona ameshona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, na alikuwa anaufumua polepole, uzi baada ya uzi, bila hasira.

Siku hiyo aliniambia nichukue sanduku. Nilitembea nalo hadi Mashimoni likiwa begani, nikibadilisha bega kila baada ya hatua mia, na kweli lilinichubua. Lilifanya kazi kwenye meza yangu miaka mingi. Tundu la mita ya pili nililiziba kwa kipande cha bati, na wateja walipouliza niliwaambia bado namsubiri mwenzake.

Lakini Jumamosi sikuziacha. Kulikuwa na vile vikopo. Mama alitaka kuvitupa, nikamwambia humo kuna rezista mamia, vile vipande vidogo vyenye mistari ya rangi, na kila rangi ni namba. Hapo akili yake ilishtuka. Herufi hakuzijua, lakini rangi alikuwa ameishi nazo maisha yake yote. Alizimimina juu ya kitambaa cheupe, tukaketi kuzipanga, na ndani ya wiki chache alikuwa amenipita. Nilichokiita kahawia yeye alikigawa mara mbili. "Hii ni kahawia, na hii ni nyekundu iliyochoka," alisema, na nilipopima kwa mita ya mkononi, alikuwa sahihi. Alizitia kwenye maboksi ya nyuzi, kila boksi na jamii yake.

Halafu wateja wake wa nguo wakaanza kumletea redio. Sijui nani alianza. Huenda mama wa mboga ndiye aliyetangaza. Alizipokea, akaziweka kwenye kile chumba, na nikija Jumamosi nazikuta zimepangwa juu ya meza, naye ananieleza ugonjwa wa kila moja bila kuangalia juu kutoka kwenye kitambaa.

"Hiyo ya kwanza imebana shingoni. Sauti inataka kutoka, haipiti. Hiyo ya katikati imepwaya, ukiitikisa inaongea. Na hiyo kubwa, hiyo mwenyewe alijaribu kuishona nyumbani, usiniulize."

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaifungua ile iliyopwaya, na waya wa spika ulikuwa umeachia, unaning'inia.

"Nilikuambia," alisema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga.